Kompyuta Uliyounganisha Mwenyewe Haitoi Sauti: Draiva za Sauti, Kuanzia Kutambua Hadi Kurekebisha

"Mashine imewaka, Windows imeingia, gemu linacheza vizuri, ila sauti hakuna. Nipakue draiva gani?" Swali hili linarudi kila mara, na kwa kawaida anayeuliza ameshahangaika. Ameshapakua draiva tatu nne kutoka tovuti mbalimbali, pengine ameshafuta Windows na kuiweka upya, na spika bado ziko kimya.

Jibu langu la kwanza ni lile lile: usipakue kitu bado. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, na wengi wanaoilalamikia wana draiva nzima kabisa. Sauti inatoka, ila inaelekea mahali pasipo na spika. Kwa hiyo hapa tutaanza kwa kujua sauti inakwamia wapi, na draiva tutaigusa baadaye, tena kama kuna haja. Nimeandika kwa kufuata Windows 11. Wewe wa Windows 10 hatua ni hizo hizo, menyu zinapishana kidogo tu, ingawa kumbuka Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Majina ya menyu nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini, maana Windows nyingi tunazotumia ziko kwa Kiingereza.

## Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Hedifoni au spika unazojua ni nzima. Zijaribu kwanza kwenye simu, redio au TV.
- Jina kamili la madabodi yako, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Kama boksi lake umelitunza, lilete karibu.
- Bando la kutosha. Draiva ya sauti ya siku hizi huweza kufika megabaiti mia kadhaa. Kama hata mtandao wa kompyuta haujakaa sawa, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa "USB tethering", na Windows kwa kawaida itaipokea bila kudai draiva.
- Akaunti yenye ruhusa ya msimamizi.
- Bisibisi na tochi ya simu, endapo tutalazimika kufungua kasha.

Na nadharia kidogo, hii tu: ndani ya mashine yako njia za sauti ni zaidi ya moja. Madabodi ina chipu yake, mara nyingi ya Realtek, inayolisha matundu ya rangi ya nyuma na yale mawili ya mbele ya kasha. Kadi ya michoro ina njia yake, inayopeleka sauti kwenye monita kupitia HDMI au DisplayPort. Hedifoni za USB nazo zimebeba chipu yao ndani. Kila njia ina draiva yake, na Windows huchagua moja kuwa ya msingi. Ikichagua vibaya, utadhani draiva imekufa.

## Hatua ya 1: Tazama mstari wa kijani

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mmsys.cpl`, kisha Enter. Litafunguka dirisha la "Sound" la mtindo wa zamani, kwenye kichupo cha "Playback". Sasa cheza wimbo au video yoyote, uuache uendelee, kisha rudi kwenye dirisha hili na uangalie upande wa kulia wa kila kifaa kwenye orodha. Kuna mstari uliosimama, na sauti inapopita kwenye kifaa hicho, kijani hupanda na kushuka ndani yake kufuata mdundo. Usiharakishe hapa. Mstari huo unakuambia zaidi ya programu yoyote ya kulipia.

Kijani kinapanda kwenye kifaa ambacho si chako. Kwa mfano unaona jina la monita, na chini yake "NVIDIA High Definition Audio" au "AMD High Definition Audio Device". Sauti inapelekwa kwenye monita, na monita nyingi hazina spika. Bofya kifaa sahihi, kwa kawaida "Speakers" chenye neno Realtek chini yake, kisha "Set Default". Ukisikia sauti, kazi imekwisha na huhitaji kuendelea kusoma.

Kijani kinapanda kwenye Realtek, ila husikii kitu. Draiva yako inafanya kazi yake. Kosa liko mbele ya draiva: tundu, waya, spika yenyewe, au kiunganishi cha mbele ya kasha. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Bado kuna shida?" Ukianza kubadilisha draiva hapa utaharibu kilichokuwa kizima.

Kijani hakipandi popote. Programu inayocheza imenyamazishwa au imeelekezwa kwingine. Fungua "Settings", "System", "Sound", kisha "Volume mixer", uangalie sauti na kifaa cha kila programu.

Realtek haimo kabisa kwenye orodha. Bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu ndani ya orodha, weka tiki kwenye "Show Disabled Devices" na "Show Disconnected Devices". Kikitokea kwa rangi iliyofifia, kibofye kwa kitufe cha kulia na uchague "Enable". Kikionyesha "Not plugged in", Windows haijaona jeki yoyote tunduni. Sukuma jeki hadi mwisho, nyingi husimama nusu bila mtu kujua. Kisipotokea kabisa, twende hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Muulize Device Manager

Kitufe cha Windows pamoja na X, kisha "Device Manager". Panua "Sound, video and game controllers".

Ukiona "Realtek(R) Audio" au "Realtek High Definition Audio", draiva ya mtengenezaji ipo. Ukiona "High Definition Audio Device", hiyo ni draiva ya jumla ya Microsoft: sauti inaweza kutoka vizuri tu, ila utakosa mipangilio ya matundu. Ukiona pembetatu ya njano, au kifaa kimetupwa chini ya "Other devices", draiva haipo au imevurugika. Kibofye mara mbili usome namba iliyoandikwa ndani:

- Code 28: draiva haijasakinishwa.
- Code 22: kifaa kimezimwa. Bofya "Enable Device".
- Code 10: kifaa kimeshindwa kuanza. Mara nyingi draiva si yake, au chipu imekwama na inahitaji kunyimwa umeme kabisa kwa muda (tazama mbele).

Na kama hakuna chochote, si Realtek, si pembetatu? Basi Windows haioni chipu, na hakuna draiva duniani itakayosaidia kifaa kisichoonekana. Washa mashine upya huku ukigonga Delete au F2 uingie BIOS (mipangilio ya madabodi inayofunguka kabla ya Windows), utafute mstari wa "HD Audio Controller" au "Onboard Audio", uuweke "Enabled", kisha F10 kuhifadhi. Hili huwakuta sana walionunua madabodi iliyotumika. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa na kadi yake ya sauti, akaizima ile ya madabodi, na mpangilio ukabaki hivyo hivyo hadi mkononi mwako.

## Hatua ya 3: Jua madabodi na chipu kwa majina

Bonyeza Windows na R, andika `msinfo32`. Soma "BaseBoard Manufacturer" na "BaseBoard Product". Andika jina lote, pamoja na herufi za mwisho, kwani B550M na B550 ni vitu viwili, na hata herufi za "WIFI" mwishoni zinaweza kukupeleka kwenye ukurasa tofauti. Kwa madabodi za Gigabyte, angalia pia maandishi madogo ya "REV" kwenye kona ya ubao wenyewe. Toleo moja la jina lile lile linaweza kubeba chipu tofauti na jingine.

Kisha chipu. Kwenye Device Manager bofya kifaa cha sauti kwa kitufe cha kulia, "Properties", kichupo cha "Details", na kwenye menyu chagua "Hardware Ids". Utapata mstari unaoanza namna hii:

`HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0897`

Usiogope urefu wake. VEN ni kiwanda: 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. DEV ni chipu: 0897 ni ALC897, 0887 ni ALC887, na kadhalika. Mbele zaidi kuna SUBSYS, na namba nne za kwanza baada yake humtaja aliyetengeneza madabodi: 1043 ni ASUS, 1458 ni Gigabyte, 1462 ni MSI, 1849 ni ASRock. Mstari huu unapatikana hata kama draiva haipo, kwa hiyo hata ukiwa na ubao wa mtumba uliokwanguka maandishi yote, bado utajua una nini.

Kama mstari wako unaanza na USB badala ya HDAUDIO ingawa unatumia matundu ya madabodi, huenda una ALC4080 au ndugu yake, chipu zilizoenea kwenye madabodi za bei ya juu kuanzia 2021 hivi. Hizi huunganishwa kwa njia ya USB ndani ya ubao na zina draiva yao, Realtek USB Audio. Draiva ya ALC897 haitaingia hapo hata uisukume vipi.

## Hatua ya 4: Jiwekee njia ya kurudi

Windows na R, `sysdm.cpl`, kichupo cha "System Protection". Mara nyingi ulinzi huwa umezimwa, kwa hiyo bofya "Configure" uuwashe kwa diski C, kisha "Create", uipe jina unaloweza kulikumbuka. Ni dakika chache. Watu huiruka hatua hii, halafu hujikuta na mashine iliyokuwa na sauti mbaya ambayo sasa haina sauti kabisa.

## Hatua ya 5: Pakua draiva mahali sahihi

Nenda kwenye tovuti rasmi ya aliyetengeneza madabodi, tafuta modeli yako, fungua "Support" na "Drivers", chagua toleo lako la Windows, kisha sehemu ya "Audio". Pakua pia draiva ya "Chipset" (ya chipu zinazoendesha ubao wenyewe) kama hukuwahi kuiweka.

Kwa nini kwa mtengenezaji wa madabodi na si Realtek wenyewe? Realtek hutengeneza chipu, ila kila kiwanda cha madabodi huamua tundu gani limeunganishwa na mguu gani wa chipu, na kinaongeza vikuza sauti na programu zake. Draiva za jumla za Realtek hazina habari hizo. Ndiyo sababu mtu huweka draiva "mpya kuliko zote" na tundu la mbele linakufa.

Kuna kitu kingine cha kujua kabla ya kupakua. Draiva za Realtek ziko koo mbili. Za zamani huitwa HDA na huja na programu ya "Realtek HD Audio Manager". Za sasa huitwa UAD, au DCH, na programu yake, "Realtek Audio Console", hutoka Microsoft Store. Madabodi iliyoandaliwa UAD iwekee UAD, ya zamani iwekee HDA. Ukizichanganya, programu ya mipangilio itakataa kufunguka au itafunguka ikiwa tupu.

Onyo: Achana na programu za "driver updater" zinazojitangaza kukusasishia kila kitu kwa mbofyo mmoja. Hukisia draiva kwa kufanana majina, nyingine hubeba matangazo na uchafu, na zikikosea hutajua zimegusa nini. Vivyo hivyo na tovuti zinazokupa faili la draiva ndani ya kisakinishi chao wenyewe.

Kama madabodi yako ni zile za X99 kutoka China zisizo na ukurasa wa msaada wa maana, fungua "Settings", "Windows Update", "Advanced options", "Optional updates", uangalie "Driver updates". Mara nyingi Realtek inayofaa inakusubiri pale pale.

## Hatua ya 6: Ondoa ya zamani

1. Kata mtandao. Chomoa waya au zima Wi-Fi. Usipofanya hivi, Windows itaharakisha kukuletea draiva nyingine kabla hujaweka yako.
2. Kwenye Device Manager, bofya kifaa cha Realtek kwa kitufe cha kulia, chagua "Uninstall device".
3. Weka tiki kwenye "Attempt to remove the driver for this device". Bila tiki hiyo, draiva ile ile iliyoharibika itarudi ukiwasha upya.
4. Kama kwenye "Settings", "Apps" kuna kipengele cha Realtek Audio Driver, kiondoe pia.
5. Washa mashine upya kwa "Restart".

Ikiwaka, simama kidogo ujaribu sauti kabla ya kuendelea. Huenda sasa Device Manager inaonyesha "High Definition Audio Device", yaani draiva ya jumla ya Microsoft imeshika nafasi. Sauti ikitoka, umepata ushahidi mzito: chipu, tundu na spika ni vizima, na mkosaji alikuwa draiva. Isipotoka, shaka inahamia kwenye vifaa. Kuna watu huishia hapa hapa na draiva ya Microsoft, wakaridhika, na sioni kosa. Kama unachotaka ni stereo safi ya hedifoni, inatosha.

## Hatua ya 7: Sakinisha

1. Fungua faili ulilopakua. Kama ni ZIP, litoe lote kwanza kwenye folda. Kusakinisha ukiwa ndani ya ZIP ndiko kunakoleta makosa ya faili kukosekana.
2. Weka draiva ya chipset kwanza, washa upya.
3. Bofya "Setup" ya sauti kwa kitufe cha kulia, "Run as administrator". Skrini ikiwaka na kuzimika mara moja au spika zikipiga mlio mdogo, tulia, ni kawaida.
4. Washa upya tena, hata kama hujaambiwa.
5. Rudisha mtandao, ili "Realtek Audio Console" iweze kushuka kutoka Microsoft Store.

Usikate kazi katikati. Umeme ukikatika wakati draiva inaingia, mashine ikirudi anza upya tangu hatua ya 6. Na tafadhali, usichanganye kazi hii na kusasisha BIOS siku ya mgao wa umeme. Draiva iliyokatika njiani inatengenezeka kirahisi. BIOS iliyokatika njiani inaweza kukuachia ubao usiowaka.

## Hatua ya 8: Weka sawa, kisha jaribu kila tundu

Rudi `mmsys.cpl`. Ifanye Realtek kuwa ya msingi. Bofya "Properties", "Advanced", chagua 24 bit, 48000 Hz. Namba kubwa zaidi ya hapo haitakuongezea chochote kwenye muziki wa kawaida na inaweza kukuletea mikwaruzo.

Sasa jaribu kimoja kimoja: tundu la kijani la nyuma, hedifoni ya mbele, kisha maiki. Kijani ni spika, waridi ni maiki, bluu ni sauti inayoingia kutoka kifaa kingine. Badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na sauti ikaja, hutajua dawa ilikuwa ipi siku itakapopotea tena.

## Bado kuna shida?

Nyuma inatoa sauti, mbele hakuna. Fungua kasha, mashine ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa. Tafuta waya mwembamba unaotoka mbele ya kasha wenye maandishi "HD AUDIO". Kwenye madabodi unakaa kwenye pini zilizoandikwa AAFP kwa ASUS, JAUD1 kwa MSI, F_AUDIO kwa Gigabyte, HD_AUDIO1 kwa ASRock, mara nyingi chini kabisa upande wa nyuma ya kasha. Angalia pini kwa tochi: ni safu mbili, nafasi kumi, moja haina pini. Kwa sauti, pengo liko nafasi ya nne ya safu. Kwa USB 2.0, ambayo pini zake huwa jirani na zinafanana kwa kila kitu, pengo liko kwenye kona. Linganisha pengo hilo na tundu lililozibwa kwenye kiunganishi chako kabla ya kusukuma. Kikikataa kuingia, umekosea mahali. Usilazimishe, pini hupinda na kukatika. Kasha la zamani likiwa na viunganishi viwili, kimoja AC97 (mfumo wa zamani) na kingine HD AUDIO, tumia HD AUDIO. Kama lina AC97 tu na unatumia Realtek HD Audio Manager, weka tiki kwenye "Disable front panel jack detection".

Hedifoni ya simu inasikika ila maiki haifanyi kazi. Angalia jeki yake. Kama ina pete tatu nyeusi, sauti na maiki vimo ndani ya jeki moja, na kompyuta yako ina matundu mawili tofauti. Draiva haihusiki kabisa. Nunua kigawanyo chenye jeki mbili, moja ya maiki, moja ya hedifoni. Ni cha bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya simu.

Maiki imechomekwa sawasawa ila programu haisikii. "Settings", "Privacy & security", "Microphone". Washa "Microphone access" na ruhusa ya programu za kawaida za kompyuta iliyo chini yake. Kisha kwenye kichupo cha "Recording" zungumza, utazame kijani kama ulivyofanya hatua ya 1.

"Can't connect to RPC service" unapofungua Realtek Audio Console. Windows na R, `services.msc`, tafuta "Realtek Audio Universal Service". Iweke "Automatic", ubofye "Start". Kama haimo kwenye orodha, draiva uliyoweka si ya ukoo wa UAD, au haikuingia yote.

"The audio service is not running". Humo humo `services.msc`, washa upya "Windows Audio" na "Windows Audio Endpoint Builder".

Sauti ilikuwepo, sasisho la Windows likaingia, ikapotea. Device Manager, Properties za kifaa, kichupo cha "Driver", "Roll Back Driver". Kama kimefifia, fanya hatua ya 6 na 7. Ikijirudia kila mwezi, nenda `sysdm.cpl`, "Hardware", "Device Installation Settings", uchague "No". Fahamu pia kwamba si kila mara draiva ndiyo yenye kosa: Januari 2025 sasisho la usalama la Windows lenyewe lilizima baadhi ya vifaa vya sauti vya USB kwa Code 10, na dawa ilikuwa kusubiri sasisho la marekebisho. Ukiona sauti imekufa siku ile ile sasisho limeingia, angalia kwanza kama wengine wanalia kilio hicho.

Ilipotea baada ya umeme kukatika, au mashine ilipoamka usingizini. Zima kabisa, zima swichi ya pawa saplai, chomoa waya, kisha bonyeza na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi na tano hivi ili mabaki ya umeme yaishe. Washa tena. Kuzima kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu "Fast Startup" ya Windows haizimi kila kitu. Ukitaka izime kweli, shikilia Shift unapobofya "Shut down".

Mikwaruzo na kukatikakatika. Kwanza, `mmsys.cpl`, Properties, uzime "enhancements" zote. Pili, rudi 48000 Hz. Ikiendelea, pakua LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji, iache ifanye kazi huku ukicheza muziki, utazame ni faili gani linachelewesha mashine. Likiwa ndis.sys, shuku draiva ya mtandao; likiwa nvlddmkm.sys, ni ya kadi ya NVIDIA. Wengi hupoteza siku nzima wakibadilisha Realtek ilhali anayekwaruza ni Wi-Fi.

Mvumo au mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya au gemu likianza. Hiyo ni kelele ya umeme, usiisumbue draiva. Hamia tundu la nyuma. Ndani ya kasha, sogeza waya wa HD AUDIO mbali na kadi ya michoro. Kisha kagua soketi ya ukutani na ekstensheni: kama waya wa ethi haujaunganishwa, kelele hiyo itakufuata hata ukinunua madabodi mpya, na usalama wako pia uko mashakani. Muite fundi umeme.

Wewe wa Linux. Draiva ya sauti imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), hakuna cha kupakua. Andika `aplay -l` uone kama kadi inaonekana. Kisha `alsamixer`, F6 uchague kadi, na popote palipoandikwa MM bonyeza M pawe 00. Kama kila kitu kiko sawa na bado kimya: `systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`.

Umefanya yote, BIOS iko "Enabled", na chipu haionekani au matundu yote ni bubu hata kwa draiva ya Microsoft. Kubali kwamba sehemu ya sauti ya ubao imekufa. Hutokea, hasa baada ya radi au umeme kuruka. Usibadilishe madabodi kwa ajili hiyo. Adapta ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la hedifoni na la maiki itafanya kazi ukiichomeka tu, Windows ina draiva yake tayari. Ichomeke tundu la USB la nyuma badala ya mbele, iweke kuwa ya msingi kwenye "Playback" na "Recording" pia, kisha ingia BIOS uzime "HD Audio Controller" ili Windows isije ikairudia chipu iliyokufa.